Bi. Asnath Msengi na Herufi Zilizoitwa Kesho

Jumanne, tarehe 30 Juni 2026, Bi. Asnath Msengi atafunga kabati lake la rangi na kukabidhi funguo, baada ya kuitumikia Kindai Chapa na Mabango kwa miaka thelathini na saba. Kamati ya hafla imenipa mimi, Hanifa Othmani wa mapokezi, kazi ya kueleza utumishi wake. Nilikubali kwa furaha, na tangu nikubali sijatulia. Mhusika ataupitia wasifu huu kabla yenu. Ataupitia mara ya kwanza akitafuta makosa ya herufi, mara ya pili akitafuta makosa ya herufi, na mara ya tatu, Mungu akipenda, atausoma.

Sisi wa kazini tunamwita Mama Peniel, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na ndivyo nitakavyomwita hapa.

Mama Peniel alizaliwa Manyoni mwaka 1966, katika nyumba za reli. Marehemu baba yake alikuwa mtu wa ishara. Ndiye aliyeinua na kushusha mikono ya chuma inayomwambia dereva wa treni apite au asimame. Baba huyo alikuwa na kawaida ya kuinuka katikati ya chakula, anatoka nje kuutazama mkono alioushusha mwenyewe, kisha anarudi kumalizia ugali uliokwisha poa. Watoto wake walikuwa wakicheka sana. Katika wote, ni Asnath peke yake aliyerithi tabia hiyo.

Treni ilileta mizigo, na mizigo ilikuja katika maboksi. Asnath alipokuwa darasa la tano likaja boksi la redio. Upande mmoja wa boksi palikuwa na picha ya mji wa siku zijazo, wenye nyumba za mviringo na magari yasiyo na magurudumu. Juu ya mji huo palikuwa na maandishi manene ambayo hakuwahi kuyaona kwenye kitabu chochote cha shule. Kila herufi ilitokana na duara, nusu duara na mraba, basi. O ilikuwa sahani nzima yenye ufa mwembamba katikati. E ilikuwa mihimili mitatu iliyolala bila nguzo ya kuishika. A ilikuwa hema lisilo na mlango. Anasema zilionekana kama zimetoka mahali ambako treni haichelewi. Aliliomba boksi lile kwa baba yake, akalikata, akaubandika ule upande juu ya kitanda. Kwa sahani na kikombe cha bati akaanza kuzinakili, na zile ambazo boksi halikuwa nazo akazibuni mwenyewe.

Alijifunza kuchora mabango kwa fundi mmoja wa Itigi, akajiunga nasi mwaka 1989. Wakati huo tulikuwa na mashine moja ya kuchapa kadi za harusi na vitabu vya stakabadhi, na mabango yote yalichorwa kwa brashi juu ya bati. Mzee Abdulmajidi, mwenye kiwanda, ambaye bado alikuwa kijana na hakuitwa mzee na mtu yeyote, alimpa kipande cha bati akamwambia ajaribu mkono. Mama Peniel alitaka neno fupi. Akakaa kidogo akisikiliza mapokezi. Mteja aliuliza kadi zake zitakuwa tayari lini, akajibiwa kesho. Akaja mwingine, akajibiwa kesho. Basi akaandika KESHO, kwa zile herufi za kwenye boksi, nyekundu juu ya nyeupe, akalisimamisha bati mlangoni likauke. Wateja waliliona wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Abdulmajidi hakucheka. Lakini kabla ya jioni watu kadhaa walikuwa wameuliza nani amechora vile, na kama anaweza kuwachorea duka.

Hivyo ndivyo aina ile ya herufi ilivyopata jina. Kwa miaka iliyofuata Kesho ilipanda kwenye kuta za saluni, mashine za kukamulia alizeti, jezi za mpira, vibanda vya bodaboda na mgongo wa basi lililokuwa likienda Kiomboi. Jenifa, fundi wetu wa kompyuta, alipoajiriwa mwaka 2012, wawili hao waliketi mbele ya kompyuta kwa miezi kadhaa wakiziingiza, moja baada ya nyingine, hadi ikawa fonti kamili, yenye herufi kubwa na tarakimu. Herufi ndogo hakuna. Mama Peniel anasema zilimshinda. Mimi nadhani Kesho haijui kunong'ona.

Na katika miaka yote hiyo aliogopa. Hakuna njia ya kulieleza hili kwa upole. Mteja akija kuchukua kazi, Mama Peniel humuuliza, "Umeisoma?" Mteja akisema ameisoma, humwomba aisome kwa sauti. Akiona mteja wa zamani anavuka barabara kuja kwetu, husogea nyuma ya mashine ya kukata stika, na hatoki hadi aone kama mtu huyo anatabasamu. Kwaya moja ya Kiomboi ilipochukua bango la tamasha, jioni ile ile alishikwa na wazo kwamba neno "uinjilisti" limekosa herufi. Asubuhi alipanda bodaboda hadi mjini kati, akapanda basi hadi Kiomboi, akalikuta bango limetundikwa madhabahuni. Neno lilikuwa sawasawa. Wanakwaya walidhani amekuja kushiriki tamasha, wakamkalisha mbele na wageni rasmi, na alirudi na gunia la viazi vitamu ambalo tulilila ofisini wiki nzima.

Tulikuwa tukimtania kwa mambo haya. Tulipunguza baada ya Mkiwa.

Kuhusu Mkiwa, ameniagiza mwenyewe. "Ukiandika sifa tupu ukaliacha lile," aliniambia, "usiusome mbele za watu." Kwa hiyo naliandika kama lilivyotokea, mwaka 2019.

Akina mama wa kijiji kimoja mbele ya Mkiwa walichangishana wakapata gari, pikapu ya kuwawahisha wajawazito hospitali. Dereva wake alikuwa Sostenes, kijana mtulivu ambaye kabla ya hapo alikuwa akibeba mkaa. Kilichobaki ni watu wa vijiji vya jirani kuijua namba ya kumpigia. Wakaja kwetu wakaagiza mabango mawili makubwa, moja la njia panda ya Mkiwa na jingine la kwenye njia ya kuingilia kijijini kwao.

Mama Peniel aliyaandika kwa Kesho, rangi ya chungwa juu ya buluu nzito. Namba ya simu ilijaa bango zima. Sita, nane, sifuri na tatu zilikuwa mfano wa magurudumu yaliyopangwa mstari, manene, yenye nyufa nyembamba, na ukiyatazama ulihisi kuna chombo kitatua pale njia panda kichukue abiria kiwapeleke mwezini. Kila aliyepita kiwandani alipiga picha. Siku ya kuyakabidhi nilimwona Mama Peniel akitoa kazi bila kumuuliza mtu kama ameisoma. Alikuwa akitabasamu. Aliniambia ni hayo tu, katika yote aliyowahi kuchora, yaliyofanana kweli na lile boksi.

Mwezi mmoja na kitu baadaye Sostenes alikuja kuagiza stika za mlango wa gari.

"Shikamoo, mama," alimwamkia.

"Marahaba, baba. Gari linafanya kazi?"

"Linafanya. Ila simu ni chache kuliko nilivyotegemea. Nafikiri wameamua kujifungua kwa zamu."

Tulicheka. Mama Peniel hakucheka.

"Wanaokupigia wanatoka wapi?"

"Pale pale kijijini. Hao namba wameikariri."

"Na wa mbali?"

"Wa mbali wananipigia mara chache sana. Na sasa naona kuna mama mmoja tu ndiye anayenipigia kwa niaba ya watu, simjui, anasema nenda mahali fulani upesi, halafu anakata."

Mama Peniel aliweka kisu chake cha kukatia mezani. Siku zilizofuata alikuwa akiingia mapokezi na kutoka bila sababu. Aliniuliza kama Mkiwa kuna vumbi sana mwezi wa nane. Aliniuliza kama pikipiki ikipita pale huwa inapunguza mwendo. Nilimwambia apumzike, bango ni zuri.

Haikuisha wiki, akaingia mwanamke mmoja ameshika simu mkononi. Hakusalimia.

"Nani ameandika lile bango la Mkiwa?"

"Ni sisi, dada. Karibu ukae."

"Sikai. Mimi naitwa Luciana, napika chai na maandazi Ilongero. Sijawahi kuwa na gari. Lakini watu wananipigia simu wanasema uchungu umeanza, nije upesi. Nije na nini? Na karai?"

Mteja mmoja alicheka, akaacha katikati.

Luciana alieleza akiwa amesimama. Simu za kwanza alidhani ni utani, akazikata. Kisha akapigiwa na mwanamume aliyekuwa analia. Akamuuliza namba ameitoa wapi, akaambiwa bango la Mkiwa. Ndipo alipokodi bodaboda akaenda kujionea.

"Nilipokuwa mbali, juu ya pikipiki, nilisoma namba yangu," alisema. "Nimefika chini yake, si yangu. Tarakimu moja ni tofauti. Nikamwambia dereva arudi nyuma. Ikawa yangu tena. Nikaona hapa nitapata wazimu. Nikaichukua ile ya kweli, na tangu siku hiyo wakinipigia mimi nampigia mwenye gari. Maandazi yanaungua, lakini nampigia."

"Dada, Mungu akubariki," nilimwambia.

"Ngoja kwanza. Juzi simu yangu iliharibika, haikuwaka kabisa. Nimeipata kwa fundi leo asubuhi. Nakuta ujumbe kwamba namba moja imenipigia, na kunipigia, na kunipigia. Naipiga, haipatikani."

Mama Peniel alikuwa ametoka karakana, amesimama nyuma yangu. Sikujua amesikia kuanzia wapi.

"Ni nane," alisema. "Nane yangu na sita yangu."

Alichukua kalamu akatuchorea pale kaunta. Zote mbili zilikuwa duara lile lile nene, zote zina nyufa mbili. Kilichozitofautisha ni mkato mdogo begani, na ukirudi nyuma mkato ule unamezwa na rangi. Alikuwa ameupunguza mwenyewe ili mstari wa namba ukae vizuri.

Mzee Abdulmajidi alitoka ofisini kwake. Alisikiliza, akajifuta uso kwa leso. Alihofia jina la kiwanda, na sioni ajabu, kwa sababu baba yake alilijenga jina hilo kwa maisha yake yote.

"Tuyabadilishe taratibu," alisema. "Leo leo, lakini kimya kimya. Tusiwatie watu hofu."

"Mzee," Mama Peniel alimjibu, "hofu wanayo tayari. Walichokosa ni gari."

Mzee alitazama ile nane na ile sita juu ya karatasi, akazigeuza, akazitazama tena. Kisha akasema, "Nendeni. Na ngazi chukueni."

Sostenes alikuwa mjini, amemleta mgonjwa hospitali. Tulimpigia akaja. Tuliondoka wanne, yeye, Mama Peniel, Luciana aliyekataa kubaki, na mimi. Nyuma tuliweka ngazi, kopo la rangi nyeupe, kopo la rangi nyeusi na brashi. Njia nzima Luciana alikuwa akiipiga ile namba, na kila mara sauti ile ile ya kike ikimwambia haipatikani. Mwishowe Mama Peniel alimwomba aondoe sauti kubwa. Mikono yake ilikuwa imebana mapajani kama mtu anayesikia baridi, na jua lilikuwa kali.

Bango lilipoonekana kwa mbali alimwambia Sostenes asimamishe gari. Alishuka. Akasoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja, na pale penye nane akasoma sita. Akatembea mbele huku akirudia kusoma. Sita. Sita. Magari yalimpita yakimpigia honi. Alipokaribia maduka ya njia panda akasema nane, akasimama hapo hapo, akageuka kutuangalia. Sikupenda kumwona vile.

Sostenes alitaka tumtafute kwanza aliyepiga simu. "Bango haliendi popote, mama."

"Kuna mtu anaweza kuwa analisoma sasa hivi," alisema, na tayari alikuwa anavuta ngazi.

Alipanda. Aliipaka namba yote rangi nyeupe, juu ya ile chungwa na ile buluu. Muuza duka wa pale, Gasto, alitoka akiwa amechomeka kalamu sikioni.

"We mama! Unaharibu bango la watu!"

"Nimelichora mimi!"

"Ndiyo unaliharibu?"

"Ndiyo!"

Kisha akaiandika upya kwa rangi nyeusi na brashi, tarakimu za kawaida, za ubaoni, zile ambazo sote tulifundishwa darasa la kwanza. Rangi nyeupe haikuwa imekauka, kwa hiyo zilichuruzika. Gasto alikwenda hadi ng'ambo ya barabara, akasoma namba yote bila kukosea, akarudi akatuuliza kumetokea nini.

Tulimweleza. Yeye huuza vocha na kutoa huduma ya pesa kwa simu, na nusu ya namba za pale zipo kwenye simu yake. Luciana alimtajia ile isiyopatikana. Akaitafuta.

"Hii ni ya Chediel, mfugaji wa kule bondeni. Mkewe, Eliana, alikuwa siku zake zimefika." Akatazama njia ya bondeni. "Jana nilimwona Chediel anapita mbio na baiskeli. Hakusimama."

Njia ya bondeni ilikwisha kabla ya nyumba. Tuliacha gari kwenye mashamba ya mtama yaliyokwisha vunwa, tukatembea. Ua ulikuwa kimya, kuku tu wakiparura. Hapakuwa na mtu nje, hapakuwa na moshi jikoni. Luciana alianza kusali chini chini. Mimi nilitaka mtu yeyote atokee, na nilitaka asitokee.

Akatoka bibi mmoja, mikono imelowa hadi viwikoni. Ni Bibi Martina, mama mkwe wa Eliana. Mama Peniel alimwamkia kwa Kinyaturu, lugha ya mama yake, na yule bibi akaitikia bila kututazama wengine. Kisha akazungumza Kiswahili, labda kwa ajili yetu.

"Amejifungua juzi, kwenye mkokoteni wa ng'ombe, tulikuwa njiani kwenda barabarani. Mtoto yupo. Mama ametokwa damu nyingi, na tangu jana ana homa, hajui anachosema. Mwanangu amekwenda kutafuta gari. Tulipiga ile simu ya bangoni hadi simu yetu ikazimika. Haikupatikana."

"Ile namba niliiandika mimi, mama," alisema Mama Peniel.

Bibi Martina alimsogelea.

"Ulikosea tarakimu?"

"Sikukosea. Niliipamba mpaka ikafanana na nyingine."

Yule bibi alijifuta mikono kwenye khanga yake. "Una gari?"

"Lipo pale shambani."

"Basi njoo ushike miguu yake, mimi nashika kichwa. Mengine utaniambia njiani."

Tulimbeba Eliana na godoro lake. Luciana alimbeba mtoto, amemfunga kifuani, akitembea kwa hatua ndogo sana kama anayebeba maji yaliyojaa. Kwenye pikapu Mama Peniel alikaa nyuma na Bibi Martina, na kweli alimweleza. Alizungumza Kinyaturu kuanzia bondeni hadi mjini, na mimi si mtu wa lugha hiyo. Nilichosikia ni "nane" na "sita", mara nyingi, na yule bibi akiitikia kwa mguno, huku akimpepea mkwewe kwa ncha ya khanga. Tulipopita njia panda Eliana alifumbua macho kidogo. Sijui aliona nini.

Hospitali tulikaa kwenye benchi la nje. Chediel alitufikia hapo, vumbi hadi nyusi. Hakuna aliyezungumza naye kuhusu bango, hakuna aliyeweza. Mama Peniel alikuwa akiinuka, anakwenda kuchungulia kwenye mlango wa wodi, anarudi, anakaa, anainuka. Alipotoka daktari akasema wamemwahi, wamempa dawa na damu, na sasa ni kusubiri, Mama Peniel ndiye pekee aliyelisikia neno kusubiri. Sisi tulikuwa tunakumbatiana. Alikwenda pale kila siku hadi siku ile Eliana alipoketi mwenyewe kitandani akaomba uji. Hapo ndipo alipolala, alilala kwenye kiti cha wageni, na wauguzi wakamwacha.

Mtoto yule ni wa kike. Mwaka huu ameanza darasa la kwanza, na mama yake atakuwa nasi kwenye hafla, akijaliwa.

Baada ya hapo Mama Peniel alikwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kile kijiji, akasimama, akaeleza kosa lake mbele yao wote. Mzee Abdulmajidi alikwenda naye, akaketi pembeni yake. Hakuna aliyewaahidi kwamba watarudi na jina zuri. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu: ni nani atakayeandika mabango mapya? Mama Peniel alisema watafute fundi mwingine. Mwenyekiti akasema, "Fundi mwingine hatakuwa ameogopa kama wewe. Andika wewe."

Luciana naye alifanya jambo ambalo sijawahi kuliona likisifiwa mahali popote, kwa hiyo nalisifu hapa. Tulimshauri abadilishe namba yake apumzike. Alikataa. Alisema huenda kuna mtu aliyeisoma vibaya akaihifadhi, na siku ya siku ataipiga. Aliibakiza hadi mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, na simu mbili zilikuja.

Kesho ilichorwa upya. Sisi wengine tulidhani ni kazi ya siku chache. Mama Peniel aliikalia karibu mwaka. Alifungua bega la sita likainuka kama mkono ulionyooshwa. Alibana kiuno cha nane. Alipanua nyufa zote, akaipa A mlango, akaipa E nguzo. Jenifa ananiambia siku ya kulikata bega la sita kwenye kompyuta, Mama Peniel alitoka nje akasimama karibu na tangi la maji, akalia. Lile boksi la utotoni lilikuwa linavunjwa, na anayelivunja ni yeye. Aliporudi ndani alisema, "Zimeharibika. Lakini zinasomeka." Wapo wateja ambao hadi leo huomba Kesho ya zamani kwa sababu ilikuwa nzuri zaidi. Ilikuwa nzuri zaidi, ni kweli. Hatuwapi.

Kutoka hapo ukazaliwa utaratibu ambao mji wote unautania. Kila namba ya simu inayotoka kwetu hutundikwa ukuta wa mwisho wa ua, na mpita njia wa kwanza huitwa getini aisome. Wauza mbogamboga wamesoma, askari wa barabarani amesoma, mashehe na wachungaji wamesoma. Mzee mmoja wa mtaa wa pili aligundua hivyo kwamba ana mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji, na sasa hupita kwa makusudi.

Mafanikio mengine ni mengi, nami nafasi inaniishia. Amefundisha mafundi ambao leo wana karakana zao Itigi, Manyoni na hapa mjini. Amechora alama za barabarani za shule tatu kwa kujitolea. Ameonya, kwa miaka thelathini na saba, kuhusu ile ngazi ya stoo, na hatimaye tumenunua nyingine. Sasa anakwenda Kinampanda kwa mumewe, Bwana Manase, ambaye ametuambia shamba la alizeti limeshakuwa tayari na kwamba ameficha rangi zote zilizokuwa nyumbani.

Wiki iliyopita Jenifa, anayechukua nafasi yake, alimuuliza mbele yangu, "Mama, nitajuaje kazi imekamilika?"

"Hutajua," alisema. "Utaitoa, halafu utakaa na wasiwasi wako."

"Mpaka lini?"

Mama Peniel alifikiri. "Mimi bado," alisema, akaendelea kufunga makopo yake.

Tangu siku ile namwona Jenifa akitoka mara kwa mara hadi getini kutazama kazi zinavyoondoka. Jana nilimkuta Mzee Abdulmajidi naye pale. Nami, nikiri, nimesoma ukurasa huu mara nyingi kuliko zinavyostahili kutajwa.

Mama Peniel, asante kwa mkono wako, na asante kwa ile siku ulipopanda ngazi mbele za watu. Tunakuombea afya, mvua za kutosha Kinampanda, na wajukuu wenye kelele. Nenda ukalale, mama. Zamu ya kuogopa sasa ni yetu.

Hanifa Othmani
Mapokezi, kwa niaba ya wafanyakazi wote